Ripoti Iko Kwenye Vipande

Watu wengi wanaoleta kyubu za zege maabara kwetu, yaani sampuli zinazomwagwa pamoja na zege la jengo ili zipimwe nguvu, hawakai kuziona zikivunjwa. Wanazishusha kutoka kwenye pikapu, wanaandikisha tarehe ya kumwaga na jina la jengo, wanauliza karatasi itakuwa tayari lini, wanaondoka. Wakirudi wanataka namba. Ikiwa megapaskali 25 (kipimo cha mzigo kwa eneo) au zaidi wanapiga simu wakiwa bado mlangoni, "Injinia, tumepita," na huko saiti zege la ghorofa ya pili linaanza kuchanganywa. Vipande vinabaki kwangu. Navitupa nyuma ya jengo, kwenye rundo ambalo vijana wa mtaani huja kuchota ili kuziba mashimo ya njia yao.

Nimefanya kazi hii Kampala kwa miaka mingi, kwanza kama fundi wa maabara, baadaye kama mwanafunzi wa uzamili katika maabara ileile. Namba inakuambia kitu kilibeba mzigo kiasi gani. Vipande vinakuambia kwa nini hakikubeba zaidi, na hilo karibu hakuna anayeliulizia.

Chukua kyubu yenyewe. Ina milimita 150 kila upande na mtu mmoja anaibeba bila shida. Ili zege la megapaskali 25 livunjike, mashine inapaswa kuikandamiza kwa karibu kilonyutani 560, yaani uzito wa tani 57 hivi. Mzigo unaongezwa polepole, kama megapaskali 0.6 kila sekunde, kwa hiyo shughuli nzima haifiki dakika. Ukiongeza mzigo kwa haraka, zege lilelile litakupa namba kubwa zaidi, kwa sababu nyufa ndogo za ndani hazikupata muda wa kutambaa na kuungana. Ndiyo sababu mwendo wa mashine umeandikwa kwenye viwango, na ndiyo sababu mtu akinitajia nguvu ya zege bila kusema ilipimwaje, huwa namtazama tu.

Kyubu ikivunjika inavyotakiwa, pande zake nne zinamenyeka, na kinachobaki ni piramidi mbili zilizogusana vichwa. Sahani za chuma zimeushika uso wa juu na wa chini usitanuke. Katikati hapakushikwa na kitu, ndipo panapopasuka. Ikibomoka upande mmoja tu, ama kalibu ilikuwa imepinda au kyubu haikuwekwa katikati ya sahani, na namba hiyo siiamini hata ikiwa nzuri. Kisha naokota kipande na kuangalia kokoto. Kwenye zege imara ufa hupita ndani ya jiwe, unaliona limekatwa na rangi yake ya ndani iko wazi. Kwenye zege dhaifu ufa hulizunguka jiwe, nalo linang'oka zima na kuacha kishimo laini. Nikiona vumbi jekundu ndani ya kishimo najua kokoto ziliingia kwenye mashine ya kuchanganyia bila kuoshwa. Msimamizi aliyepewa namba peke yake ataongeza saruji. Aliyeonyeshwa kishimo ataagiza maji ya kuoshea kokoto, na ataokoa pesa.

Palikuwa na mkandarasi mmoja ambaye kyubu zake hazikuwahi kufeli kipimo. Kilichonikera ni kwamba hazikutofautiana pia. Zege la kweli hutawanyika: ndoo mbili za mchanganyiko mmoja, zikijazwa na mtu yuleyule, zinatoa namba zinazoachana. Mswidi Waloddi Weibull aliweka hesabu ya jambo hili mwaka 1939. Nguvu ya kitu kinachovunjika kikavu, yaani ghafla bila kurefuka kwanza, huamuliwa na kasoro mbaya kuliko zote iliyomo ndani yake, na kwa kuwa kasoro zimesambaa kwa bahati, namba nazo lazima zisambae. Hesabu hiyohiyo inasema kitu kikubwa huwa dhaifu kuliko kidogo cha nyenzo ileile, maana kina nafasi zaidi ya kuficha kasoro mbaya. Basi namba zinazofanana mno zinanitia shaka kuliko namba mbaya. Mhandisi mshauri alipokubali, tulikwenda kwenye jengo na mashine ya kutoboa, tukatoa mche wa zege kutoka kwenye nguzo. Kyubu zilikuwa zimepasuka ndani ya mawe. Mche wa nguzo ulikuwa na mawe yaliyong'oka, na matundu ambayo kidole changu cha mwisho kiliingia. Saruji ya kyubu ilipimwa kwa uangalifu na mtu mmoja, zege la nguzo lilichanganywa na wengine huku bomba la maji likiwa wazi. Maji hayo si jambo dogo. Tangu Duff Abrams wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1910 inajulikana kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaotawala nguvu ya zege, ukiutoa 0.5 ukaufikisha 0.7 umepoteza theluthi au zaidi, ingawa zege linakuwa tamu kumwaga. Nguzo zile zilibomolewa zikamwagwa upya. Mkandarasi hajaleta kyubu kwetu tena.

Kusoma mahali palipovunjika sikukuanzia chuoni. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nikakulia kambini Bombo, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa Kiteso, wa Kilugbara, wa Kiacholi na wa Kisoga, na nje ya kambi kulikuwa na Wanubi wanaokizungumza kwa mwendo wao. Mmoja wao, Haji, alikuwa na gereji ya pikipiki. Nilikuwa napelekwa pale kununua mafuta ya taa duka la pembeni, na mara nyingi mafuta yalichelewa kufika nyumbani.

Siku moja kijana wa bodaboda aliletwa na mwenye pikipiki. Ekseli ya gurudumu la nyuma imekatika, na bosi anataka kijana alipe kwa kuwa jana yake alibeba watu watatu na mkungu wa matoke. Kijana anakana, bosi anapandisha sauti. Haji hakuwajibu. Alifuta grisi kwenye ncha iliyokatika, akaisogeza juani, akaniita mimi kwanza, labda ili wale wawili wanyamaze.

"Mwanangu, unaona nini?"

"Chuma kimekatika, Haji."

"Kimekatika mara ngapi?"

Sikuelewa. Akaweka kucha kwenye uso wa chuma. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye rangi ya kahawia ya kutu. Sehemu ndogo upande mmoja ilikuwa na chembechembe na inang'aa. "Hapa penye kutu ni pa zamani. Maji ya mvua yameingia, vumbi limeingia. Hapa panapong'aa ndipo pa jana. Bosi, hii pikipiki umempa lini?" Bosi akataja muda. Haji akatikisa kichwa. "Basi ufa ni wa kwako. Yeye amekuja kuumalizia."

Miaka baadaye, chini ya hadubini, niliona kwa ukaribu kile ambacho Haji alikisoma kwa jicho na jua. Sehemu laini ya chuma kilichochoka huwa na mistari ya mduara inayopanuka kutoka mahali pamoja. Ukiifuata kurudi nyuma inakupeleka kwenye chanzo, ambacho kwenye ekseli aghalabu ni mzizi wa nyuzi zinazoshika nati, pale penye kona kali. Sehemu ya chembechembe ni ya mwisho, iliyokatika kwa mkupuo. Ukubwa wake una maana: ikiwa ndogo, mzigo wa siku ya mwisho ulikuwa wa kawaida tu, kwa kuwa kipande kidogo kilichosalia kiliweza kuubeba mpaka dakika ile. Nikikumbuka ekseli ya Haji, sehemu ile inayong'aa haikufika hata robo. Kijana hakuwa na kosa la kulipia hata kidogo.

Sayansi hii ilianza na ekseli vilevile. Mwaka 1842, karibu na Versailles huko Ufaransa, ekseli ya garimoshi ilikatika, mabehewa yakapandana na kushika moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka iliyofuata August Wöhler, wa reli za Prussia, alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa na mzigo hadi zikatike, akaonyesha kwamba chuma kinachobeba mzigo fulani mara moja bila kulalamika kitakatika kwa mzigo mdogo zaidi ukirudiwa vya kutosha. Kwenye viungo vilivyochomelewa, kanuni ambayo wahandisi wanaitumia leo ni kali: ukizidisha mkazo (mzigo kwa eneo) mara mbili, umri unashuka hadi moja ya nane. Nikiiona pikipiki ya mtaani kwetu, fremu imechomelewa juu ya pale palipochomelewa mwaka jana, na nyuma imebeba mlango wa chuma na mwenye mlango, hesabu hiyo hunijia bila kuitwa. Weldi mpya inaleta kona mpya. Fundi anafunika ufa, naye ufa unahamia pembeni kidogo.

Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilifungwa kwa miezi kadhaa mwaka 2024 likatengenezwa, na watu wa kaskazini walilazimika kuzunguka mbali kwenda Kampala. Nilisikia malalamiko mengi, hata ndani ya familia. Mimi nilifurahi. Daraja linalofungwa likiwa bado limesimama ni ushindi, ingawa hakuna anayesherehekea.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia wanafunzi kila mwaka, kwa sababu kinapita Uganda na kwa sababu sijapata kingine kinachoonyesha vizuri hivyo thamani ya vipande. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, yenye namba G-ALYP, iliondoka London kuelekea Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza ya ratiba kwa abiria wa ndege ya jeti duniani. Ilipitia Roma, Beirut na Khartoum, ikatua Entebbe, ikaendelea Livingstone hadi mwisho wa safari. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwemo wakafa. Ilikuwa imeruka mara 1,290 tu. Mwezi Aprili Comet nyingine ikapotea karibu na Naples.

Waingereza walivua mabaki kutoka chini ya bahari, wakayapeleka kwenye kituo cha utafiti wa ndege huko Farnborough, Uingereza, na kuyapanga upya, kipande baada ya kipande, kwa umbo la ndege. Wakati huohuo walichukua Comet nyingine, G-ALYU, wakaizungushia tangi la maji, wakawa wanaijaza shinikizo na kulipunguza, kana kwamba inapaa na kutua mchana kutwa. Kwa nini maji? Hewa iliyobanwa ina nguvu nyingi; ukuta ukipasuka, hewa ingeirarua ndege nzima na kuharibu ushahidi. Maji hayabaniki, kwa hiyo ufa ukitokea shinikizo linaisha papo hapo na ufa unabaki pale wa kusomwa. Ilipofika mizunguko 3,057, tukihesabu safari za kweli na za tangini, ubavu wake ulipasuka, na ufa ulianzia penye kona ya uwazi. Kwenye mabaki ya bahari nako, chanzo kilipatikana juu ya paa, penye uwazi wa antena za redio.

Sehemu inayoniuma zaidi ya kisa hiki huwa haisimuliwi sana. Kabla ndege hizo hazijaanza kubeba abiria, kipande cha mwili wa Comet kilipimwa kwa kurudiarudia shinikizo, kikastahimili mizunguko mingi ajabu, na kila mtu akaridhika. Lakini kipande hichohicho kilikuwa kimepitishwa mapema kwenye majaribio ya shinikizo kubwa kupita la kawaida, na shinikizo hilo liliivuta metali ya kwenye kona hadi ikabaki imejibana yenyewe. Nyufa zikachelewa kuanza. Kilichopimwa hakikuwa sawa na kilichoruka. Mwanafunzi akinielewa hapo, sina haja ya kumweleza habari za kyubu za yule mkandarasi.

Huku kwetu jengo likianguka, kitu cha kwanza ni kuokoa watu, na hilo halina mjadala. Baada ya hapo ndipo mambo yanapokwenda kombo. Ekskaveta inasukuma, malori yanabeba, na kwa kuwa kila mtu anataka pale pasafishwe haraka, kiungo cha boriti na nguzo ambacho kingeweza kueleza kila kitu kinakwenda kujazia bonde mahali fulani. Niliwahi kuitwa kwenye eneo moja la ajali nikakuta nondo zimeshauzwa chakavu. Viwanda vyetu vya nondo vinayeyusha chakavu, kwa hiyo huenda nimeshazipima tena zikiwa mpya. Ninachoomba ni kidogo: ncha za nondo zilizokatika, vichwa vya nguzo chache za chini, picha kabla ya ekskaveta kuingia, na mtu mmoja wa kuandika kila kipande kilitoka wapi. Gari moja dogo linatosha.

Tasnifu yangu ilihusu nondo zilizokunjwa. Nondo ya mita 12 haiingii kwenye pikapu, kwa hiyo dukani wanaikunja katikati, inafungwa na kusafirishwa, na saitini kijana mwenye nyundo anainyoosha juu ya gogo. Kila mtu Uganda ameona hivyo, na hakuna anayeshangaa. Mimi nilinunua nondo za kawaida kwenye maduka ya kawaida, nyingine zikiwa zimenyooka, nyingine zimekunjwa, nikamlipa fundi wa kweli azinyooshe kwa njia yake, kisha nikazivuta zote kwenye mashine hadi zikatike.

(Kabla ya kuvuta unapima unene kwa kalipa. Hapo tu pana elimu. Nondo inayoitwa ya 12 ikiwa kwa kweli ni ya 11, imepoteza karibu asilimia 16 ya eneo lake, na wewe umelipia yote.)

Zilizonyooka zilikatika kama chuma chema kinavyokatika. Nondo inarefuka, sehemu moja inajikonda, inakuwa shingo, halafu inaachia. Ncha moja ina kikombe, nyingine ina koni ya kuingia humo. Chuma cha namna hiyo kinakupa onyo. Nyingi za zile zilizokunjwa zilikatikia palepale penye kunjo, na shingo ilikuwa hafifu au haikuwepo, uso umekatika bapa. Namba ya nguvu haikushuka sana, na hilo ndilo la hatari: mtu anayesoma namba peke yake angezipitisha. Kilichopotea ni uwezo wa kurefuka.

Akili ya kawaida inasema ufa utaanzia upande wa nje wa kunjo, ule uliovutwa. Vipande vilisema vingine. Chini ya lenzi, ufa ulianzia upande wa ndani, kwenye mzizi wa mbavu, yale matuta yanayoifanya nondo ishike zege. Wakati wa kukunja, mbavu za ndani zinabanana na mzizi unakunjwa hadi unakuwa mfereji mkali. Wakati wa kunyoosha, mfereji huo ndio unaovutwa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 ilijulikana kwamba ukingoni mwa tundu la duara mkazo unakuwa mara tatu ya ule wa mbali, na mwaka 1913 C. E. Inglis alikuwa ameonyesha kwamba kadiri tundu linavyochongoka ndivyo mkazo unavyopanda. Mwaka 1921 A. A. Griffith akatumia kioo kueleza ni kwa nini mikwaruzo isiyoonekana kwa macho inafanya kitu kivunjike kwa sehemu ndogo tu ya nguvu ambayo viungo vya atomi zake vingeweza kubeba. Nilikuwa nimesoma yote hayo kwa ajili ya mtihani. Nilipouona mfereji ule kwenye nondo ya duka la barabarani ndipo nilipoyaamini.

Nondo zilizokaa zimekunjwa kwa muda mrefu kabla ya kunyooshwa zilikuwa mbaya zaidi. Nitrojeni iliyomo ndani ya chuma husogea polepole na kufunga mahali palipoumizwa, chuma kinakuwa kigumu lakini kikavu.

Nilipeleka matokeo kwa msimamizi mmoja wa saiti ninayemheshimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika nondo, akaizungusha mkononi.

"Madamu, unataka nikate hilo kunjo nilitupe. Hiyo nusu mita, kwa kila nondo, nani atalipa?"

Ni swali la haki, na mtafiti asiyekuwa na jibu lake angekaa maabara. Tulikubaliana hivi: kunjo likatwe na lisiwekwe kamwe chini katikati ya boriti wala kwenye nguzo; vipande vifupi vinavyopatikana vitumike pale vinapotosha; na kwa jengo kubwa, lori refu likodiwe kwa safari moja, maana ukipiga hesabu ya vibarua wa kunyoosha, lori si ghali kama linavyoonekana.

Jambo jingine ambalo watu wenye majengo hawapendi kulisikia ni kwamba nondo nyingi si lazima ziwe usalama. Mwenye nyumba akiogopa anasema, "Fundi, ongeza nondo," na fundi anaongeza. Maabara tunawaonyesha wanafunzi boriti mbili. Ya kwanza ina nondo za kiasi: inapinda, nyufa zinafunguka chini, unapata muda wa kupiga picha na hata wa kubishana. Nondo ndizo zilizoshindwa kwanza, na chuma kinashindwa kwa kurefuka. Ya pili imejazwa nondo chini. Inabeba zaidi, imenyamaza, haionyeshi kitu, halafu zege la juu linalipuka na boriti inakwenda yote. Wanafunzi huruka nyuma kila mara, hata wale niliowaambia mapema. Ndani ya jengo lenye watu, ningechagua ile ya kwanza. Na ringi, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo za boriti, zikiwekwa mbalimbali ili kuokoa chuma, hata boriti ya kwanza inaweza kukatika kwa ufa wa mshazari karibu na nguzo, bila kungoja nondo za chini zirefuke.

Kuhusu mirunda, miti inayotegemeza slabu wakati wa kumwaga, nitasema kwa ufupi, ingawa huko ndiko wafanyakazi wengi wanakofia. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, na siku ya kumwaga uzito huo wote umesimama juu ya miti ya mikaratusi. Mti mwembamba haupondeki, unapinda ghafla kati, na hesabu ya Leonhard Euler ya karne ya 18 haina huruma: mrunda wa sentimita 8 unabeba kama asilimia 41 tu ya ule wa sentimita 10 wenye urefu uleule. Lakini hesabu hiyohiyo inatoa dawa ya bei rahisi. Funga mbao za kukingama katikati ya urefu, pande zote mbili, na uwezo wa mrunda unapanda hadi karibu mara nne. Ni mbao na misumari tu.

Mwaka jana shangazi yangu aliniita Busia. Ana jengo la ghorofa karibu na mpaka, maduka chini na wapangaji juu, na juu ya paa aliweka tangi la lita 5,000. Likijaa hizo ni tani tano, na lilikaa juu ya boriti moja.

"Mwanangu, huo ufa ni wa plasta," alisema kabla sijafungua mdomo. "Fundi ameshauangalia."

Nikaomba patasi. Tuliibandua plasta kidogo, na ufa ulikuwa unaendelea ndani ya zege. Kulikuwa na nyufa mbili zilizosimama wima katikati ya boriti, nyembamba, ambazo hazikunitisha. Boriti ya zege inayofanya kazi huwa na nyufa hizo. Ya tatu ilikuwa ya mshazari, inapanda kutoka karibu na nguzo kuelekea lilipo tangi. Hiyo ndiyo iliyonifanya niwaombe wapangaji wa chumba kile wahamie kwa jirani usiku uleule. Tulimwaga maji, tukaweka mirunda minene chini ya boriti, ikiwa imekingamishwa, na wiki hiyo tangi likashushwa kwenye mnara wa chuma uani. Shangazi alilalamikia gharama za mnara na bado analalamika.

Kisha nikafanya kile anachoweza kufanya mtu yeyote. Kwenye ncha ya kila ufa nilichora mstari wa penseli na kuandika tarehe. Juu ya kila ufa niligandisha ukanda mwembamba wa kioo cha dirisha, pande mbili za ufa. Zege likisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Binamu yangu anapiga picha kila mwisho wa mwezi na kunitumia, na rula ikiwa pembeni. Baada ya mvua za Novemba vioo vya nyufa mbili za katikati vilikuwa vizima. Cha ule wa mshazari kilikuwa kimepasuka, na ncha ya ufa imepita mstari wa penseli. Mirunda bado iko chini yake, chumba bado ni kitupu, na shangazi amekubali zege litobolewe pale karibu na nguzo ili tuone ringi ziko umbali gani.